Fizikia ya Pili na Nadhiri ya Mjomba

Bakersfield, 27 Mei 2017

Mjomba Eulogio, shikamoo.

Habari za huko mlimani? Natumaini wewe mzima, mbwa wazima, na kondoo wa watu hawajaliwa na mbwa mwitu. Sisi hatujambo. Mama wamemhamisha kiwandani, sasa anachambua karoti zinazopita kwenye mkanda, na anasema hata akifumba macho kusali anaziona zinapita. Anakusalimu sana. Anasema zile soksi alizokutumia uzivae, usizitunze kama vyombo vya wageni.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka wangu wa kwanza chuoni umekwisha. Kalkulasi zote mbili nimepata A, kemia B, Fizikia ya Kwanza A. Mpango unaujua: hapa chuo cha jamii nasoma miaka miwili, halafu nahamia chuo kikuu, uhandisi wa ujenzi, naingia mwaka wa tatu moja kwa moja. Ila uhandisi una masharti yake. Wenzetu wa historia na biashara wanachagua madarasa kama watu wanaojipakulia chakula harusini. Sisi hesabu zetu zinafuatana, hii haianzi mpaka ile iishe, na fizikia ni tatu, nazo zinafuatana. Ukichelewa moja, umechelewa mwaka mzima.

Hapa Fizikia ya Pili haifundishwi kiangazi, lakini chuo cha ng'ambo ya milima wanayo. Foleni ya mshauri wa masomo ilikuwa imefika nje ya mlango, nikaona sina haja ya kusimama juani. Fizikia ya Pili ni Fizikia ya Pili. Nimejiandikisha, nitakwenda na kurudi na gari la Mama. Vuli nachukua ya tatu, Novemba naomba nafasi chuo kikuu, Aprili wananijibu. Na Julai mwakani wewe na mimi tuko kijijini kwetu Peru kwenye sikukuu ya Mtakatifu Santiago. Mimi nilitoka huko nikiwa na miaka minne, sikumbuki hata rangi ya mlango wetu.

Mpwa wako,
Noemí


Mlimani, Nevada, 18 Juni

Mpwa wangu Noemí, marahaba.

Barua yako imefika pamoja na viazi, mkate na gesi. Beñat, huyu mzee wa Kibaski anayetuletea mahitaji kwa pikapu, aliisahau chini ya kiti, kwa hiyo imekuja inanuka dizeli. Haidhuru, nimeisoma hivyo hivyo. Mimi mzima, soksi nimezivaa, mwambie mama yako apumzike. Majani mwaka huu ni mazuri na kondoo wamenenepa hadi wanatembea kwa maringo.

Matokeo yako nimewasomea mbwa kwa sauti. Mkubwa alisinzia kwenye kemia, na mimi namwelewa. Lakini nikwambie kweli, mpwa wangu, nilikaa juu ya jiwe nikaisoma tena ile sehemu ya kalkulasi, nikajisikia mrefu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kusoma kitu ambacho hata jina lake inabidi ulitamke polepole.

Kwa hiyo safari ya kijijini uliyoitaja, naona mama yako amekusimulia habari ya nadhiri. Basi isikie kwangu. Mwaka mlioondoka, siku ya sikukuu, ya kuwavalisha wanyama utepe masikioni, kuna mtu alimtazama mama yako Delfina akiwa amekubeba mgongoni, akacheka, akasema, "Haya, nyanya za Wamarekani zimepata mchumaji mwingine." Mimi nina hasira za karibu, unanijua. Nikasimama mbele ya Mtakatifu na mbele ya watu wote nikasema: sitakanyaga kijiji hiki mpaka mtoto huyu apokelewe chuo kikuu. Watasema ilikuwa bia. Bia ilinifungua mdomo, maneno yalikuwa yangu.

Ndiyo maana mkataba uliopita ulipokwisha, sheria ilipotaka nirudi Peru kwa miezi mitatu, niliishia Lima kwa binamu yetu. Rufina alishuka kwa basi kuja kunitazama, mke wangu wa ndoa, kama mtu anayemtazama mgonjwa wodini. Mkataba huu unakwisha Juni mwakani. Bwana Iriart, mwenye kondoo, anataka neno langu kabla Novemba haijaisha, maana makaratasi ya miaka mitatu mingine huchukua muda. Kwa hiyo tumeelewana: wewe Novemba ukiomba nafasi, mimi Novemba namwambia hapana.

Kimbia, mpwa wangu. Una miguu mizuri.

Mjomba wako,
Eulogio


Mlimani, 27 Julai

Noemí, mpwa wangu,

Habari za joto la huko? Najua kwenu sasa hata kuku wanatembea na ndoo ya maji. Sijapata barua yako tangu Juni, lakini sikulaumu, anayesoma fizikia barabarani hana muda wa kumwandikia mchunga kondoo.

Juzi ilikuwa sikukuu yetu. Nilinunua utepe mwekundu na wa njano nikawavalisha majike waliotulia, nikawaimbia kidogo, nikamwaga tone la pombe chini. Si ndipo Bwana Iriart akatokea na pikapu yake, siku ambayo huwa haji. Akawatazama kondoo wake wenye mapambo.

"Hawa wana ugonjwa gani?"

"Hawana ugonjwa, bosi. Wana sikukuu."

Akafikiri. Akauliza iwapo wataendelea kula. Nikamwambia wakiwa na sikukuu wanakula zaidi. Akasema basi sawa, na akaniomba utepe mmoja akaufunga kwenye kioo cha gari. Ni mtu mzuri yule, tatizo lake ni miaka mitatu mitatu.

Niandikie unasoma nini. Sihitaji kuelewa, nataka kusikia tu.

Eulogio


Bakersfield, 13 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kimya changu. Kiangazi chote nimekiishi ndani ya gari la Mama, asubuhi kupanda milima, jioni kushuka. Mama hajambo, kiyoyozi cha nyumba kimekufa, tumelala sakafuni kama paka. Kaka wa kanisani wamekitengeneza, kikafa tena.

Nimemaliza Fizikia ya Pili. A. Umetaka kusikia, haya sikia. Tumesoma joto, mawimbi na mwanga. Nimejua kwa nini kibanda chako cha bati kinakunyima usingizi: bati linapitisha joto kwenda nje haraka kuliko jiko lako linavyolileta. Nimejua pia kwamba kondoo hapati joto kwa sufu yenyewe hasa, anapata kwa hewa iliyonaswa ndani ya sufu. Mwalimu alipouliza nani anaweza kutoa mfano, mimi nikasema mjomba wangu ana mifano elfu mbili na anaijua kwa sura. Darasa likacheka, lakini mwalimu aliandika kondoo ubaoni.

Mjomba, nikiwaza kwamba umekaa huko peke yako majira baada ya majira kwa sababu ya neno ulilosema kwa ajili yangu, najiona mdogo sana, halafu najiona tajiri. Wanafunzi wenzangu wana watu wanaowapenda. Sidhani kama wana mtu aliyewaapia.

Wiki ijayo naanza ya tatu.

Noemí


Bakersfield, 17 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Habari za huko? Sisi wazima. Mama amepata tuzo kiwandani kwa kutochelewa, wamempa kofia. Karoti za mwaka huu ni fupi na nene, anasema ni kwa sababu ya udongo, wengine wanasema ni mbegu. Jirani yetu ameng'oa mti wa limau. Kiyoyozi kimepona. Kanisani wamebadilisha saa ya misa.

Masomo yanaendelea.

Mama anakusalimu.
Noemí


Nevada, 9 Oktoba

Mpwa wangu Noemí, marahaba, na marahaba tena kwa sababu barua yako haina kitu kingine cha kuitikia.

Mimi mzima. Wanakondoo wa kiume wamepakiwa kwenye malori, kundi limepungua, tunateremka polepole kuelekea malisho ya baridi. Theluji ya kwanza ilitugusa siku moja ikaondoka.

Sasa nikuulize. Nimepokea ukurasa mzima wa karoti. Nimejua urefu wake, unene wake, na mabishano ya wataalamu. Fizikia imepata maneno mawili. Mimi nimechunga muda mrefu, na kondoo anayeumwa mguu namjua: hujisukumiza katikati ya wenzake, ajifanye anakula kuliko wote. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Umefeli? Umechumbiwa? Umeacha? Lolote liwalo sema, sitapanda basi kuja kukupiga, nina kondoo wa watu.

Na ukinificha ujue unaniumiza. Ninapowaambia watu kwamba nina mpwa anayesoma uhandisi, na hapa watu ni Beñat peke yake, nasema kwa kifua. Sijisifii alama zako. Najisifia wewe.

Mjomba wako,
Eulogio

(Nyuma ya bahasha, kwa mwandiko mwingine:) Binti, mimi Beñat. Yeye hatakwambia. Amemnunulia mkewe koti. Amelificha kwenye sanduku la chumvi ya kondoo, kila nikija analitoa ananionyesha tena kama vile sijaliona.


Bakersfield, 26 Oktoba

Mjomba, shikamoo.

Mama mzima. Karoti sitazitaja.

Sijafeli na sijachumbiwa. Nimekosea, tena kosa la mtu aliyejiona mjanja. Siku ya kwanza ya Fizikia ya Tatu, mwalimu Haddix aliingia akaandika ubaoni "Joto". Nikadhani anakumbusha. Siku ya pili ikawa joto, wiki ya pili joto. Kila swali nilikuwa na jibu kabla hajalimaliza, wenzangu wakaanza kunitazama kama mchawi. Mwisho akaniita.

"Noemí, hivi ulishasoma haya?"

"Ndiyo mwalimu. Kiangazi, ng'ambo ya milima. Fizikia ya Pili."

Akaniuliza taratibu, "Na umeme umesoma wapi?"

Mjomba, sikuwa nimesoma umeme mahali popote. Kumbe kila chuo kinakata mkate wake kinavyotaka. Hapa kwetu ya pili ni umeme na sumaku, ya tatu ni joto na mwanga. Kule ya pili ndiyo joto na mwanga, na umeme ni ya tatu. Nimekula kipande kilekile mara mbili na kingine sijakigusa. Nikaenda kwa mshauri wa masomo, foleni ileile niliyoikimbia, safari hii nikasimama mpaka mwisho. Akanionyesha kwamba chuo kikuu ninachokitaka kinataka fizikia zote tatu kutoka chuo kimoja, kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo kiangazi changu hakihesabiwi. Hili joto ninalorudia ni lazima nilirudie, na umeme niusome hapa.

Umeme uko muhula ujao, lakini uko saa ileile ya hesabu ya mwisho. Hesabu hiyo nimeitafuta vyuo vyote ninavyoweza kufika kwa gari, hakuna saa inayokubali. Mwanafunzi mwenzangu akanishauri niandike tu kwenye maombi kwamba nitamaliza vyote viwili, wakinipokea ndipo nione mbele. Nilikaa na wazo hilo siku kadhaa. Lilikuwa tamu kwa sababu yako. Lakini daraja likiandikwa kwamba lina nguzo ambayo haipo, siku moja watu watapita juu yake. Nimekataa. Nitasoma umeme muhula ujao, hesabu vuli, na nitaomba nafasi Novemba ya mwakani. Mwaka mmoja zaidi.

Nilinyamaza kwa sababu ulisema nikimbie, nami nilikimbia nikapita njia panda. Nakuomba kitu kimoja. Usisaini. Nadhiri ilikuwa kwa ajili yangu, nami nakufungulia. Nenda kwa mkaza-mjomba Rufina.

Noemí


Nevada, 13 Novemba

Noemí, mwanangu,

Mimi mzima. Baridi imekaa.

Nilipomaliza barua yako nilicheka kwanza, unisamehe. Kukaa darasani wiki mbili ukijibu maswali ya joto kama nabii! Halafu nikafika kwa yule mwenzako na ushauri wake, kicheko kikakatika. Umekataa kuandika uongo ambao ungenirudisha nyumbani. Mpwa wangu, mimi nimewahi kukustahi kwa akili zako, lakini akili watu wengi wanazo. Siku ile nilikustahi kwa kitu kingine, na nilivua kofia, upepo wote ule. Kosa lako lisikutese. Kupotea njia ndiko kujua njia, na mimi niliyekuhimiza kukimbia nimekaa juu ya jiwe.

Sasa la nadhiri. Huwezi kunifungulia, sikuapa mbele yako. Nadhiri haifunguliwi na mtu. Bwana Iriart anakuja baada ya sikukuu ya bata mzinga, ile ya shukrani ya Wamarekani, nitamwambia ndiyo. Mkataba wa mwaka mmoja hautolewi, ni mitatu. Miaka mitatu ni nini? Kondoo hawatagundua.

Usibishane na mimi. Soma umeme.

Eulogio

Rufina hajambo, asante kwa kumtaja.


Bakersfield, 20 Novemba

Mjomba, shikamoo.

Barua hii naituma kwa njia ya haraka hadi mikononi mwa Beñat, na nimemwandikia kwamba akiisahau chini ya kiti nitakuja kuchoma pikapu yake.

Nilimsomea Mama barua yako. Nilipofika pale uliposema kwamba nadhiri haifunguliwi na mtu, akainuka akaanza kuosha vyombo vilivyo safi. Nikamjua. Nikamwuliza kuna nini. Akasema hakuna. Nikazima bomba.

"Mama, kuna nini?"

"Haifunguliwi. Hilo kweli," akasema. "Lakini hupokelewa. Na yeye anajua."

Hukuniambia hilo, Mjomba. Umeniandikia umri wa kila mbwa wako, hilo hukuniambia. Mama alinieleza: ndugu wa damu anaweza kuipokea, mbele ya Mtakatifu na mashahidi wa kijijini, kama mtu anavyompokea mwenziwe mzigo njiani. Maneno yanabaki yaleyale, anayebadilika ni aliyefungwa. Nikamwuliza mbona hakuna aliyekupokea miaka yote hii. Akasema, "Nani angemvumilia? Kila aliyejaribu alimtukana."

Jumamosi tuliwaita watu wa bonde letu walioko hapa. Walikuja wengi kuliko viti. Mama aliweka picha ya Mtakatifu Santiago juu ya televisheni, akaifungia utepe. Mzee Orihuela, ambaye alikuwepo siku uliyoapa, alinisimamisha mbele akaniuliza kama nimelewa. Nikasema sijanywa. Akasema, "Basi utakuwa wa kwanza katika ukoo huu."

Nikasema hivi, nakuandikia ili uyajue: Nadhiri ya mjomba wangu Eulogio Astocuri nimeipokea. Mimi Noemí Poma Astocuri sitakanyaga kijiji chetu mpaka nipokelewe chuo kikuu. Wote wakaitikia. Mama alilia, kisha akawagawia watu viazi vya mchuzi wa jibini, na mabishano ya mpira yakaanza.

Ulikuwa mwaka wa kwenda kuuona ule mlango. Sasa hautakuwa. Inaniuma, sitakudanganya, nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitavaa nini. Lakini ni mwaka wangu, kosa ni langu, na foleni niliyoikwepa ilikuwa yangu. Wewe huna tena unachongoja. Mwambie Bwana Iriart hapana. Ukimwambia ndiyo utakuwa unakaa kwa kupenda kondoo, na mimi nitamwandikia mkaza-mjomba Rufina hivyo hivyo.

Mpwa wako anayekustahi kuliko mtu yeyote,
Noemí


Kijijini, 27 Julai 2018

Noemí, mwanangu,

Nimekaa miezi bila kukuandikia, isipokuwa ile kadi ya "sawa" niliyomtuma Beñat aiposti. Nilikuwa na hasira kwa wiki, kisha haya, kisha nikaanza kufungasha.

Nimefika. Sote wazima. Rufina alivaa koti siku hiyohiyo, jua linawaka, na hajalivua. Tulikaa barazani, tukaishia kuzungumza habari za bei ya shayiri. Siku ya pili nililia, yeye akaniambia nilie upande wa pili, anapanga viazi.

Nimepata habari zako za umeme kwa mama yako. A. Nimemwambia kila mtu, na aliyetaka kujua na asiyetaka. Yule aliyecheka mwaka ule bado yu hai, nimemwambia yeye mara mbili.

Juzi ilikuwa sikukuu. Kabla ya kuwatoa wanyama padri husoma majina ya waliofungwa na nadhiri, watu wawaombee. Miaka yote niliyokuwa huko Rufina alisimama pale akasikia langu. Safari hii nilisimama naye. Orodha ilifika mahali pangu, padri akasoma: Noemí Poma Astocuri. Kijiji kizima kikaitikia, wazee ambao hawajawahi kukuona, watoto waliozaliwa baada yako, wote wakakuombea kwa jina. Na mimi nikaitikia pamoja nao, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mjomba wako,
Eulogio